Jinsi ya Kuirudisha Angani Helikopta ya Rimoti ya Miaka ya 1980

Mtu anayeikuta helikopta yake ya zamani ya rimoti kwenye boksi, iwe ni Kyosho Concept 30 au Hirobo Shuttle, hutamani kuijaza mafuta na kuiwasha siku hiyo hiyo. Namsihi asubiri, kwa sababu kazi ya kwanza haiko kwenye injini bali kwenye vidole vyake. Droni za leo hutulia zenyewe rubani akiziachia, ilhali helikopta hii ukiiachia kwa sekunde mbili huinama upande na kuanguka.

Anza, basi, na simuleta, yaani programu ya kompyuta ya kujifunzia kurusha. Ninayoipenda mimi ni FMS, programu ya bure iliyotoka Ujerumani, ambayo picha zake ni hafifu, ardhi yake ni kijani kitupu, na hata kompyuta kuukuu huimudu. Ukiiweka kwenye Windows Vista au toleo la baadaye italalamika kwamba inakosa faili la d3drm.dll, ambalo Microsoft iliacha kulijumuisha, kwa hiyo laptopu ya zamani yenye Windows XP hukupunguzia usumbufu. Unganisha rimoti halisi kwa adapta ya USB, wala usitumie kibodi, kwa kuwa unachofundisha ni vidole gumba kusogea kwa milimita moja au mbili tu. Mkia ukiwa umekuelekea, jaribu kuelea mahali pamoja kwa robo saa kila siku, macho yako yakifuata pua ya helikopta, si mkia. Ukiweza kukaa dakika nzima bila kutangatanga, igeuze ubavu, kisha pua ikutazame. Hapo kushoto na kulia hubadilishana, na hapo ndipo wengi tulipovunjia helikopta zetu enzi ambazo simuleta ilikuwa anasa. Nikikumbuka mapanga ya mbao, yale yanayozunguka juu ya helikopta, niliyoyamaliza kwa kosa hilo moja, naona saa ishirini mbele ya skrini ni bei nafuu mno.

Ukifungua mashine yenyewe, utaona juu ya mhimili ufito mwembamba wenye vikasia viwili kwenye ncha zake. Usiung'oe ili uweke kisawazishi cha kielektroniki, hata ukishauriwa hivyo na muuza vipuri. Amri ya rubani huvifikia vikasia hivyo, navyo vikainamisha duara zima la mapanga, na uzito wake unaozunguka huipinga kila hamaki ya upepo. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, Mjerumani Dieter Schlüter alipofaulu kuzirusha helikopta ndogo kwa uhakika, na mwaka 1970 akaweka rekodi kwa mfano mdogo wa helikopta ya kivita ya Bell Huey Cobra, usawazishaji wa mitambo ya aina hii ndio uliowezesha hobi hii kuwepo. Ule uchelewaji mdogo unaousikia kati ya kusogeza kijiti na helikopta kuitika ndio tabia yake, na anayeuondoa hubaki na gamba la zamani lenye roho mpya.

Lakini kuna vitu ambavyo huruma haifai. Betri za nikeli na kadimiamu zitupwe kwa utaratibu salama na nafasi yake ichukuliwe na pakiti mpya ya volti 4.8. Mirija ya mafuta iliyokakamaa ibadilishwe yote, pamoja na ule mfupi ulio ndani ya tangi, ambao watu huusahau. Rimoti za zamani, ambazo chaneli yake iliwekwa kwa kipande cha kristali, zilimlazimu kila rubani kuchukua kibanio cha chaneli yake ubaoni kabla ya kuwasha, kwa maana wawili wakiwa kwenye chaneli moja, chombo kilichoko hewani kiliangushwa. Ya kwako ya aina hiyo ihifadhi kabatini na urushe kwa rimoti ya kisasa ya 2.4 GHz. Jairo ya mkia, kifaa kinachouzuia mkia usiyumbe, yenye mota ndogo ndani, inaweza kubaki ikiwa bado inavuma bila kukwaruza.

Injini iliyogoma kuzunguka usiilazimishe. Mara nyingi ni mafuta ya mbarika yaliyoganda, na ukiipasha kwa draya ya nywele hadi harufu yake tamu itoke, kisha ukatia matone machache ya mafuta mepesi, italegea yenyewe. Ikizunguka kwa mkwaruzo, beringi zimeshika kutu, kwani methanoli hufyonza unyevu, na hapo hakuna dawa ila beringi mpya.

Mapanga ndiyo yanayoua, kwani kwenye helikopta ya ukubwa huu ncha zake hupita kilomita 300 kwa saa. Yakague mahali yanapofungwa, na la mbao lenye ufa hata wa unywele livunje ili asije mwingine akalitumia. Yapime yalingane uzito, halafu funga utepe mwekundu ncha moja na wa buluu nyingine. Mapanga yakizunguka, simama mbali, umevaa miwani ya kinga, uangalie ukingo wa duara: ukiona mistari miwili badala ya mmoja, zima injini, urekebishe kiungo cha panga lililo juu kwa nusu mzunguko, uwashe, uangalie tena.

Siku ya kuruka ichague asubuhi isiyo na upepo. Funga chini ya miguu yake fito mbili zilizopishana zenye mipira kwenye ncha, usimame hatua kumi nyuma, na tangi la kwanza ulimalize kwa kuitelezesha tu juu ya nyasi fupi. Ikishaanza kukutii, ipandishe hadi kimo cha mita moja na zaidi bila kusitasita, maana karibu na ardhi hewa inayorudi kutoka chini huivuruga kuliko ikiwa juu. Baada ya kutua, toa mafuta yote tangini, washa injini hadi ikauke, na udondoshee mafuta ya kuzuia kutu kabla haijapoa.