Goti kuacha kuuma si ruhusa ya kurudi uwanjani

Wenzangu wa bonanza za Jumamosi, tusikimbilie mechi kwa sababu tu maumivu yameisha. Ukikaa wiki kadhaa bila mazoezi, msuli wa mbele ya paja unanywea, na huo ndio unaolibeba goti. Jipime: kaa kwenye kiti, kunja mikono kifuani, inuka kwa mguu mmoja. Mguu mzima ukifika mara 10 na ulioumia ukaishia 4, bado. Rudia zoezi hilo kwa kuruka siku moja moja, ukishuka taratibu, maana kule kushuka nako kunaujenga msuli.

Kukimbia anzia ardhi tambarare. Mchanga wa Coco Beach unavutia, lakini ule mkavu hautulii chini ya mguu na unalipinda goti, uachie mwisho. Kesho yake litazame goti: likivimba au kukaza, jana ulizidisha.

Waliofanyiwa upasuaji wa kano ya ndani ya goti hushauriwa kusubiri angalau miezi 9 kabla ya mechi. Najua benchi linachosha, lakini vumilieni. Na goti likilegea ghafla ukishuka daladala, nenda kwa daktari wa mifupa, usiende kuchuliwa.