Msimu wa 1964 wa mbio za duaradufu, kwa magari ya waya

Ubingwa wa mwaka 1964 wa USAC, chama kilichosimamia mbio za magari nchini Marekani, ulikuwa na mbio 13, na dereva A. J. Foyt alishinda 10, zikiwemo 7 za mwanzo mfululizo. Nane zilikimbizwa kwenye lami: Phoenix mara mbili, Trenton mara tatu, Milwaukee mara mbili na Indianapolis. Tano zilikuwa za vumbi: Langhorne, Springfield, Du Quoin, uwanja wa maonyesho wa Indianapolis, na Sacramento. Foyt alizoa zote tano za vumbi kwa gari la aina moja, na kwenye lami akapanda la aina nyingine. Hilo ndilo la kulilinda mnapouiga msimu huu hapa Mwanza kwa magari ya waya yanayosukumwa na watoto: dereva yuleyule, magari mawili, ardhi mbili. Ukiupeleka wote kwenye saruji, ambayo kwetu inashika nafasi ya lami, umepoteza kilichoufanya msimu huo uwe mgumu.

Anza na uwanja kabla ya kukata waya, maana mji wetu ni wa mawe na tambarare ni ya kutafuta. Unahitaji eneo la meta 31 kwa 16, na kwa Langhorne, iliyo duara, meta 26 kwa 26. Viwanja vya shule upande wa Nyegezi, Buswelu au Igoma vinatosha. Omba ruhusa kwa mwalimu mkuu. Usidanganywe na mchanga wa ufukweni, magurudumu yanazama na watoto wanachoka raundi ya pili. Barabarani usithubutu, hata kwenye kichochoro, bodaboda haina taarifa ya mbio zenu.

Piga mambo (vigingi) mbili, umbali wa meta 15 kati yake. Funga kamba ya meta 5 kwenye kila mambo, uchore nusu duara kila upande, kisha unganisha kwa mistari miwili iliyonyooka. Huo ndio ukingo wa ndani. Rudia kwa kamba ya meta 8 upate wa nje. Mwaga jivu au chokaa juu ya mistari. Raundi moja kwenye ukingo wa ndani ni kama meta 61. Kwa Langhorne achana na mambo mbili: uwanja ule ulikuwa duara, hauna sehemu iliyonyooka hata kidogo. Tumia mambo moja na kamba ya meta 10 kwa ukingo wa ndani na 13 kwa wa nje. Raundi itakuwa meta 63, karibu sawa na ile nyingine.

Sasa gari. Magari yaliyotamba kwenye lami yalikuwa yale ya mtengenezaji A. J. Watson, injini ya Offenhauser mbele, umbali kati ya ekseli mbili inchi 96 hivi. Ukigawa kwa nane unapata sentimeta 30, kipimo kizuri kwa mtoto wa miaka 10. Chesisi, yaani fremu ya gari, inataka meta 3 za waya wa fensi wa milimita 3. Viungo vifungwe kwa waya mwembamba wa kufungia nondo. Ekseli zote mbili ni spoku za baiskeli. Ya mbele ikae ndani ya uma wa waya unaozunguka kwenye pini, na kwenye uma huo ndipo fito ya usukani inapofungwa, urefu wa meta 1.2 au zaidi kulingana na kimo cha dereva. Magurudumu ni soli za ndala zilizochakaa, na yabaki wazi pembeni. Gari likifunikwa magurudumu, si la mbio hizi.

Ekseli ya nyuma ndiyo yenye siri, na wengi huharibu hapo. Mbio zote zinakata kushoto, hivyo gurudumu la kulia linasafiri mbali zaidi ya la kushoto. Ukilifanya la kulia kuwa kubwa kidogo, gari linajipinda lenyewe kuelekea kushoto na dereva hapigani na fito. Lakini hili hufanya kazi pale tu magurudumu yote mawili yamekazwa kwenye spoku na kuzunguka pamoja nayo. Yakizunguka kila moja kivyake, tofauti ya ukubwa haifanyi lolote isipokuwa kulilaza gari upande. Kwa hiyo kunja ncha ya spoku pembe mraba, izamishe ndani ya soli, kisha ifunge kwa waya mwembamba unaopenya soli mara mbili. Spoku izunguke ndani ya vitanzi vya chesisi, na vitanzi vipakwe mafuta.

Hesabu ya tofauti ya kipenyo kati ya magurudumu hayo mawili: zidisha umbali kati ya magurudumu kwa kipenyo cha gurudumu la kulia, gawa kwa nusu kipenyo cha kona. Magurudumu yakiwa sentimeta 20 mbali, la kulia likiwa na kipenyo cha sentimeta 8, na dereva akipita sentimeta 560 kutoka kwenye mambo, ni 20 mara 8, gawa kwa 560: karibu milimita 3. Hiyo ni ya kona peke yake. Kwenye sehemu iliyonyooka gari litavuta kushoto mno, basi kata hadi milimita 2. Langhorne, kwa kuwa kona ni pana, milimita 1.5 inatosha bila kupunguza kitu.

Milimita 2 haionekani kwa jicho. Weka alama ya kalamu kwenye ukingo wa gurudumu, livingirishe mizunguko 10 kamili juu ya sakafu na upime urefu. La sentimeta 8 litakwenda sentimeta 251, la 7.8 litakwenda 245. Punguza kwa msasa, si kwa kisu. Kisu kinaacha pembe na gari linadundadunda.

Kwenye kona uzito hukimbilia kulia, ndiyo maana Watson alisogeza injini kushoto. Nawe funga nati za bolti, gramu 200 hivi, upande wa kushoto. Risasi za nyavu ni nzito na rahisi kupatikana Mwaloni, lakini ni sumu kwa watoto wanaoshika na kula. Pima hivi: magurudumu mawili ya kushoto yakae juu ya mizani, ya kulia juu ya ubao wenye kimo kilekile. Kushoto kubebe asilimia 55 hadi 60 ya uzito wote. Ukizidisha, gurudumu la kulia la nyuma linarukaruka na kuacha kushika ardhi.

Gari la lami livishwe ukanda wa tyubu ya baiskeli juu ya soli, upime upya baada ya kuuvisha. Saruji inakula ndala. Dereva Jim Clark alianza wa kwanza Indianapolis mwaka huo, matairi yake yakaanza kumeguka, mtikisiko ukavunja mfumo wa nyuma unaoshikilia magurudumu na akatoka raundi ya 47. Kagueni magurudumu kila raundi 5, na anayeona soli inachanika asimame. Katika mbio hizohizo, raundi ya 2, ajali ya moto iliwaua madereva Eddie Sachs na Dave MacDonald na mbio zikasimamishwa. Wekeni bendera nyekundu: ikipepea, kila mtu anasimama alipo.

Gari la vumbi liachwe na soli tupu zenye mikato, na uwanja umwagiwe maji. Eneo lote ni kama meta za mraba 210. Lita 1 kwa kila meta ya mraba ni madumu 10 ya lita 20 na nusu dumu juu. Mwaga jioni ya kuamkia mbio, kisha nyunyiza kidogo asubuhi. Ukimwaga yote asubuhi unapata tope. Ukichelewa hadi mchana, upepo wa ziwa unakausha na vumbi linafunika macho. Maji ya ziwa yachotwe na mtu mzima kutoka gatini. Watoto wasiingie majini, kichocho kipo.

Kalenda inatupendelea. Langhorne ilikuwa Juni, Springfield Agosti, Du Quoin na uwanja wa maonyesho Septemba: miezi yetu ya ukavu. Sacramento tu, Oktoba, huweza kukutana na vuli.

Raundi moja kwa kila maili 20: mbio za maili 100 ni raundi 5, Indianapolis ni raundi 25. Kupanga mstari wa kuanzia, kila dereva apimwe muda akiwa peke yake, raundi 1. Indianapolis raundi 4. Mshindi hupata pointi 2 kwa kila maili. Kwa maili 100, nafasi 12 za kwanza hupata 200, 160, 140, 120, 100, 80, 60, 50, 40, 30, 20 na 10. Indianapolis zidisha kila moja kwa 5. Jaribuni jedwali lenu kwa Foyt: Indianapolis 1,000, Trenton ya Julai ya maili 150 pointi 300, na ushindi 8 wa maili 100. Jumla lazima itoke 2,900. Isipotoka, kagueni safu ya Trenton kwanza, maana ndiyo yenye urefu usio wa kawaida.