Semele imefungua mdomo? Soma hii mbele ya kununua kole

Ile wiki mvua ilipiga sana hapa Goma nilitoka kartye ya Ndosho na viatu vizima, kufika Birere semele ya kuume imeshafungua mdomo kama sambaza kwenye beseni, kila nikikanyaga inaingiza vijiwe vya volkano viwili vitatu. Nikafanya ile tunafanyaka sisi wote: nikanunua katyubu ka sipagulu, nikamimina yote, nikashika na vidole, dakika moja imekauka, nikasema bon, imeisha. Kesho yake asubui mbele hata nifike ku barabara kubwa, krak.

Kosa ilikuwa yangu, sio ya kole. Sipagulu inakauka juu ya kaunyevu kadogo kalioko mu hewa, na ikikauka inakuwa ngumu kama kioo, sasa pale kwenye vidole vya mguu kiatu kinakunjika kila hatua, kioo itakunjika namna gani? Inapasuka tu. Na ubaya mwingine, ile ukoko wake inabakia, ata ukileta kole ya muzuri nyuma haitakamata. Kordonye niliyemupelekea alikwangua karibu saa nzima mbele ya kupaka kitu, akanambia "mwanangu, ungenileteaka kikiwa kimefunguka tu." Sipagulu wekea pambo iliyotoka ao kipande kidogo ya kisigino pasipokunjika, basi.

Kole ya semele kweli ni ile ya makordonye, rangi ya asali, iko mu mkebe ao mu tyubu, harufu inapanda mpaka kichwani. Ku tyubu wanaandika néoprène. Hii ikikauka inabakia inavutika kama mpira, njo maana inafuatana na mguu. Lakini mbele ya kuinunua angalia kwanza semele yako ni ya nini, hapa njo batu wengi tunapoteza franga.

Semele ya kauchu, ile nyeusi isiyongaa, inakunjika bila shida: kole ya njano inatosha. Semele ya plastike, PVC, ile inangaaka na wakati wa baridi inakuwa ngumu, hiyo inadanganya. Mu plastike wanatiaka mafuta fulani ya kuilainisha, na ile mafuta inatoka polepole inalainisha kole ya njano, kwa hiyo unaweza kufanya kila kitu muzuri na kisha wiki chache kiatu kinafunguka tena unaanza kusema umeuziwa kole ya uongo. Kwa plastike tafuta tyubu wameandika polyuréthane. Kuitambua: chukua pamba, tia tone moja ya asetoni, sugua pahali pasipoonekana, kisha gusa na kidole. Ikianza kunata kama bombo, ni plastike. Kauchu haitasema kitu. Usiloweshe sana, asetoni inakula plastike.

Basketi nyepesi ya sponji, ile semele yake inaelea ku maji, kwaruza tu kidogo na paka, na kama uko na polyuréthane ni muzuri zaidi. Ila kuna ingine ambayo usihangaikie: viatu ulivyoficha chini ya kitanda miaka, siku ya ndoa unavitoa, semele inamomonyoka kama biskuti ya zamani. Unyevu ulishaikula kutoka ndani, hakuna kole ya kukamata unga, hapo ni kubadilisha semele nzima. Kole nyeupe ya mbao maji inailainisha, wachana nayo. Zile za tyubu mbili unachanganya ni kali kweli lakini na zenyewe hazikunjike.

Sasa kazi. Vuta semele mpaka pale inakataa kutoka, usiache pale inashikilia nusu. Kwangua kole ya zamani yote na kisu, toa ile vumbi nyeusi yetu inayoingiaka kila pahali, osha, acha ikauke siku nzima, sio pembeni ya mbabula. Kisha papye emeri pande zote mbili mpaka kungaa kuishe. Kuna wenye kupangusa na esansi ya kando ya barabara, hapana, inaacha mafuta.

Paka kole nyembamba juu ya semele NA chini ya kiatu, ngozi inakunywa kole kwa hiyo yenyewe ipake mara mbili. Kisha ngoja. Hapa njo tunashindwaka, tunaona kole imelowa tunafikiri njo wakati wa kubandika. Ngoja dakika kumi, kumi na tano, na Goma hapa tuko karibu metre 1.500 juu, siku ya mvua na baridi ngoja zaidi, mpaka ukigusa na mgongo wa kidole haifuate kidole tena. Ukibandika ingali maji, ile dawa yenye harufu inafungiwa ndani na kole inabakia laini kama uji. Elekeza muzuri mbele haijagusana, maana ikigusana imeshika, hakuna kusukumasukuma. Jaza kiatu na bitambaa, gonga na nyundo pembeni yote, halafu funga na mpira wa ndani wa kinga (baiskeli), kaza kweli. Acha mpaka kesho saa ile ile.

Fanyia inje, na mwambie mama asogeze mbabula, ile harufu inawaka moto. Watoto nao wakae mbali.

Kama unatembeaka ku mawe kila siku kama mimi, nyuma ya kole peleka kwa kordonye apitishe uzi wa nilo mbele, ni franga kidogo. Yangu ya kuume alishona, iko muzima mpaka leo. Ya kushoto njo imeanza kutabasamu jana.