Mpishi wa Malindi na mwaka mmoja unaohesabiwa Kanada

Mpango wa shirikisho wa Kanada wa wafanyakazi wenye ujuzi, njia mojawapo ya kupata ukaazi wa kudumu, unataka mwaka 1 wa kazi ya mshahara, mfululizo, ndani ya miaka 10 iliyopita. Ni saa 1,560, yaani 30 kwa wiki; ukifanya 60, zinahesabiwa 30 tu. Mpishi yumo (TEER 3, ngazi ya ujuzi katika orodha ya kazi ya Kanada). Mhudumu wa meza, hata awe hodari vipi, hayumo.

Malindi tatizo ni masika. Hoteli ikifunga Mei na Juni na mkataba ukakatika, mfululizo umevunjika; anza kuhesabu upya siku uliporudi jikoni.

Cheti cha utumishi ambacho sheria ya Kenya ya 2007 inamtaka mwajiri akupe hakitoshi, kwa sababu si lazima kitaje saa wala mshahara. Omba barua kando, yenye nembo na anwani ya hoteli, cheo chako, tarehe, saa kwa wiki, mshahara wa mwaka na marupurupu, pamoja na jina, cheo na sahihi ya msimamizi. Majukumu yaandikwe waziwazi: "hupika samaki na wali wa nazi kwa oda, huagiza vitoweo, husimamia wasaidizi wawili." "Alifanya kazi jikoni" yaweza kuwa muosha vyombo, na ombi hukwama hapo.

Ofa ya kazi haiongezi alama za ushindani za Express Entry (mfumo wa Kanada wa kupanga waombaji kwa alama) tangu 25 Machi 2025, ingawa bado ina alama 10 kwenye zile 67 kati ya 100 zinazohitajika kufuzu mpango wenyewe. Ada ya LMIA (tathmini ya soko la ajira anayoomba mwajiri wa Kanada ili aajiri mgeni), dola 1,000 za Kanada, hulipwa na mwajiri. Wakala akikudai wewe, ondoka.