Kupunguza mwili kwa chakula cha nyumbani: anza na kijiko cha mafuta

Nafanya kazi ya lishe kliniki hapa Tanga, na wengi wanaokuja kutaka kupungua huanza na swali moja: "Niache nini?" Mara nyingi wanakuja wakiwa wameshaacha. Mmoja hajagusa ugali wiki mbili, mwingine anashindia maji ya ndimu na tango, mwingine kanunua majani ya chai ya kupunguza tumbo ambayo kazi yake ni kumharisha. Wote walipungua kilo mbili tatu siku za mwanzo, nyingi zikiwa maji ya mwilini, kisha zikarudi zote. Wanakaa mbele yangu wakijilaumu kwamba hawana msimamo, na hilo ndilo linaloniuma, kwa sababu shida haikuwa msimamo. Walianza kukata mahali ambapo njaa inauma zaidi.

Mimi nataka uanzie kwenye mafuta na sukari, na ugali wako uuache kwanza. Fuata hatua hizi kwa mpangilio wake, na usiruke ya pili hata kama utaona inakuchelewesha.

Kabla ya kuanza

Kama unatumia insulini au vidonge vya kisukari, hasa glibenklamaidi, usipunguze chakula kabla hujaongea na daktari wako. Dawa ikibaki ile ile na chakula kikapungua, sukari inaweza kushuka ghafla ukaanguka. Mjamzito, anayenyonyesha, aliye kwenye matibabu ya kifua kikuu, na mwenye ugonjwa wa figo, nao waanzie kliniki. Na kama umepungua bila kujitahidi, usifurahi tu, nenda ukapimwe.

Hatua ya 1: Jipime

Panda mzani asubuhi, umeshaenda haja, hujala, nguo nyepesi. Kisha chukua futi ya fundi cherehani upime kiuno: katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, pumzi ukiwa umeitoa, tumbo usilivute ndani. Kiuno kinatakiwa kisifike nusu ya urefu wako. Mwenye urefu wa sentimita 160 anatakiwa awe chini ya 80. Mafuta ya tumboni ndiyo yanayokaribiana zaidi na presha na kisukari, kwa hiyo futi hiyo ina thamani kuliko watu wanavyodhani, na kama huna mzani yenyewe inatosha.

Lengo la kwanza liwe asilimia 5 ya uzito wako. Kwa mtu wa kilo 84 hiyo ni kilo 4 na kidogo, ndani ya miezi mitatu. Najua umekuja ukitaka 20. Lakini hizo 4 peke yake tayari zinasaidia kushusha presha na sukari.

Hatua ya 2: Siku tatu za kuandika bila kubadili chochote

Chukua daftari. Siku mbili za kazi na moja ya mapumziko, andika kila kinachoingia mdomoni: kitu, kiasi, saa. Vijiko vya sukari kwenye chai uvihesabu. Andazi la saa nne la ofisini liandike, na ukoko wa wali uliokwangua ukiosha vyombo uuandike pia. Usijirekebishe siku hizi, maana ukijirekebisha daftari litakudanganya.

Siku ya nne soma ulichoandika, uzungushie duara vinywaji vyote vyenye sukari na vyakula vyote vilivyokaangwa. Kwa daftari nyingi ninazoletewa, kazi yetu iko ndani ya duara hizo.

Hatua ya 3: Mafuta yapimwe kwa kijiko

Hapa nitakaa kidogo.

Mwaka mmoja alikuja mama wa makamo, magoti yanamuuma, presha iko juu. Nikamwamkia, akaitikia, nikamuuliza: "Mama, ukipika mchicha unatia mafuta kiasi gani?"

"Kidogo tu mwanangu. Mimi si mtu wa mafuta."

Nikamwomba siku ya pili aje na sufuria yake na chupa yake ya mafuta. Alikuja navyo kwenye kikapu. Nikamwambia amimine kama anavyomimina kwake, asinitazame mimi. Mkono ukazunguka sufuria mara mbili, taratibu, kama mtu anayemwagilia mche. Kisha tukayachota mafuta yale kwa kijiko cha chakula, kijiko kwa kijiko, tukahesabu pamoja kwa sauti. Kumi. Akanyamaza, halafu akasema, "Na hiyo ni mboga tu. Samaki bado sijamkaanga."

Mama yule hakunidanganya. Mafuta yakitandazwa kwenye sufuria pana huonekana kidogo kwa macho ya mtu yeyote.

Sasa tazama hesabu. Gramu moja ya mafuta ina kalori 9, wakati gramu ya wanga au ya protini ina 4. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta kina kalori takribani 120. Vijiko kumi kwa familia ya watu watano ni viwili kwa kila mtu: kalori 240 ambazo hazijamshibisha yeyote, na nyingine zinaingia usiku. Na hapa alizeti, mawese, nazi na zeituni ziko sawa. Mafuta mazuri kwa moyo yapo, lakini mafuta yenye kalori chache hayapo.

Hivi ndivyo tulivyoupika mchicha ule upya. Vijiko vitatu vya mafuta kwa watu watano. Sufuria ipate moto kwanza, ndipo mafuta yaingie, kisha kitunguu na chumvi kidogo, ufunike. Kitunguu kikianza kushika chini, usiongeze mafuta, tia vijiko viwili vya maji ukwangue. Nyanya ziwe nyingi kuliko ulivyozoea, karoti iliyokwanguliwa, kitunguu saumu mwishoni ili harufu isipotee. Mchicha uingie ukiwa na maji yake ya kuoshea, ufunike dakika chache tu. Usiyaondoe mafuta yote: mwili unayahitaji ili ufyonze vitamini A ya kwenye majani.

Samaki ahame kutoka kwenye karai la mafuta aende kwenye mchuzi au juu ya mkaa. Chapati iwe ya siku moja kwa wiki.

Wenzangu wa Pwani watauliza nazi. Siwezi kumwambia mtu wa Tanga aache nazi, na wala haihitajiki. Ila kasimile, tui zito la kwanza, na chuji, tui jepesi linalofuata, si kitu kimoja. Kikombe cha kasimile hufikisha kalori 400 au zaidi. Pikia chuji, na kasimile tia vijiko vichache mwishoni kupata ladha. Na ukipika maharage ya nazi, wali siku hiyo uwe mweupe. Nazi pande zote mbili za sahani ni nyingi mno.

Hatua ya 4: Sukari ya kikombeni

Kijiko cha chai cha sukari kina gramu 4 hivi, sawa na kalori 16. Anayekunywa vikombe vitatu vya chai kwa siku, vijiko vinne kila kikombe, anakunywa vijiko 12. Shirika la Afya Duniani linapendekeza sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya kalori za siku, na likaona ni bora zaidi ikiwa chini ya asilimia 5, ambayo kwa mtu mzima wa kawaida ni karibu vijiko 6 kwa siku nzima. Soda ya mililita 350 peke yake ina kama vijiko 9.

Punguza nusu kijiko kila baada ya siku nne tano. Ukishuka ghafla kutoka vinne hadi sifuri utaichukia chai na utarudi. Tia tangawizi, iliki, mdalasini, mchaichai, ulimi uwe na kitu cha kushika. Asali na sukari guru zihesabu kama sukari, maana mwilini ni sukari.

Na juisi. Hapa kwetu msimu wa machungwa ya Muheza ukifika, watu wanakamua jagi zima wakijua wanakula afya. Glasi moja inameza machungwa matatu manne, nyuzinyuzi zinabaki kwenye chujio, na tumbo halihisi limekula. Menya chungwa ulile, na lile la pili ukilitaka, lile pia.

Turudi kwa yule mama. Mafuta kutoka vijiko viwili kwa mlo hadi chini ya kimoja, kwa milo miwili, kumemtolea kalori kama 340. Chai kutoka vijiko 12 hadi 3, nyingine 144. Jumla karibu 480 kwa siku, na ugali wake hatujaugusa. Upungufu wa karibu kalori 500 kwa siku humpunguza mtu kama nusu kilo kwa wiki siku za mwanzo, kisha mwendo unapoa. Kaa na hatua hizi mbili wiki tatu kabla ya kuendelea.

Hatua ya 5: Sahani, na sinia

Nusu ya sahani iwe mboga za majani na nyingine zisizo za wanga: mchicha, matembele, bamia, kabichi, nyanya chungu, mlenda. Robo iwe maharage, kunde, dagaa, samaki, mayai au kuku. Robo iliyobaki ndiyo ugali, wali, muhogo au ndizi: ugali ukubwa wa ngumi yako, wali kikombe kimoja cha chai. Ile robo ya maharage na samaki usiibanie, kwa sababu ukipungua bila protini ya kutosha, misuli nayo inaondoka. Dagaa na maharage ni bei nafuu na vinafanya kazi sawasawa.

Dona ninaipendekeza kuliko sembe. Kalori zake hazipishani sana, ila dona imebaki na pumba na kiini chake, inashibisha zaidi na choo kinakuwa kizuri.

Tatizo la kweli ni sinia. Mkila watu sita sinia moja, hakuna anayejua amekula kiasi gani, na kujitenga na sahani yako ni kama umekasirika. Fanya hivi: kabla mkono wa kwanza haujaingia, kata ugali wako au sogeza wali wako pembeni upande wako, ndio huo, ukiisha umekwisha. Mboga endelea kuchota. Kunywa maji, baki umekaa, ongea na watu. Nimewaona wengi wakifanikiwa hivi bila hata mwenyeji kugundua.

Hatua ya 6: Saa za hatari

Angalia daftari lako tena. Kwa wengi ni saa kumi jioni hadi saa mbili usiku. Mtu kashinda na chai na andazi, anapita kwa muuza chipsi amechoka, na chipsi mayai inakuwa mlo wa kabla ya mlo. Dawa yake iko mchana: kula cha mchana chenye maharage au samaki, usikiruke. Na ubebe kitu: yai la kuchemsha, karanga kiasi cha kiganja kimoja, tunda.

Shughuli zitakuja, harusi, msiba, pilau. Kula pilau, sahani moja, soda iache, na kesho asubuhi rudi kwenye kijiko chako kama kawaida. Usijiadhibu kwa kushinda njaa. Mwezi wa Ramadhani fungua kwa tende tatu na maji, kisha uji usio na sukari nyingi. Kaimati na sambusa chagua kimoja, na daku usiliache.

Tembea pia. Nusu saa kwa haraka, siku tano za wiki. Lakini usitarajie miguu ifute mafuta ya sufuria: kwa mtu wa kilo 80, nusu saa hiyo inatumia takribani kalori 150, zaidi kidogo ya kijiko kimoja cha mafuta. Tembea kwa ajili ya moyo, usingizi na kuilinda misuli yako.

Hatua ya 7: Pima kila wiki, na ujiandae kwa maneno

Mara moja kwa wiki, siku ile ile, asubuhi. Ukipima kila siku utababaika na maji na chumvi.

Ukianza kupungua, watu watasema. "Mbona umekwisha hivyo, unaumwa?" Kwetu kupungua bado kunahusishwa na ugonjwa na shida, na neno hilo limewarudisha nyuma wengi kuliko chapati. Andaa jibu mapema. Mmoja wa wagonjwa wangu hujibu, "Daktari kaniambia nishushe presha, na imeshuka, namshukuru Mungu." Aliyeuliza kwa wema hufurahi, na mazungumzo yanaendelea.

Uzito ukisimama wiki tatu mfululizo, usikate kitu kipya. Rudia Hatua ya 2, siku tatu za daftari. Yule mama alisimama mwezi wa nne, akarudi kwangu akiwa na hofu. Tulipoandika upya tukagundua kijiko cha mafuta kilipotea tangu mjukuu alipokichukua kuchezea, na mkono ulikuwa umerudi kumimina kwa macho. Alinunua kingine, akakitoboa mpini, akakifunga kwa uzi kwenye shingo ya dumu la mafuta. Kifunge cha kwako leo, kabla hujabandika cha usiku.