SOMO: Kuandaa chumba cha taneli ya upepo chuoni

Wakuu habari zenu. Vyuo vingi taneli ya upepo (bomba kubwa lenye feni, la kupima hewa inavyopita kwenye modeli kama ya ndege au gari) inaagizwa kwanza, chumba kinatafutwa baadaye, mnaishia kupewa stoo. Naongelea ile ya wazi inayovuta hewa ya chumba mbele na kuitema nyuma, sehemu ya majaribio sm 50 kwa 50, spidi mita 30 kwa sekunde.

HATUA YA 1, hewa. Taneli hiyo inameza mita za ujazo 7.5 kila sekunde, yaani chumba cha mita 9 kwa 4 chenye kimo cha 3 hewa yake yote inapita mle ndani chini ya sekunde 15. Kikibana, hewa iliyovurugwa na feni inarudi mdomoni kabla haijatulia, vipimo vinacheza na mwanafunzi anadhani kakosea yeye, inauma sana hii. Taneli yenyewe inafika kama mita 7 so tafuteni chumba kirefu, mbele na nyuma mimi sishuki chini ya mita 2, na ikae katikati isiegemee ukuta.

HATUA YA 2, mlango. Mdomo ni mita 1.5 kwa 1.5, mlango wa kawaida sm 90. Sisi tulipima lori likiwa limeshapaki nje, ikabidi tubomoe ukuta siku hiyohiyo, nyavu za mdomoni za kutuliza hewa zikajaa vumbi jekundu la tofali tukakaa kuzisafisha na brashi ya rangi siku mbili. Pimeni mapema, hadi kona za korido.

HATUA YA 3, umeme. Spidi ikipanda mara 2 nguvu inayotakiwa inapanda mara 8, kwa hiyo vuta fezi tatu na waya mnene tangu mwanzo.

HATUA YA 4, sakafu. Feni ipate zege lake peke yake, chini raba, na kati yake na taneli weka kiungo cha turubai, la sivyo mizani inayopima nguvu ya hewa kwenye modeli itapima mtetemo wa mota.

MASWALI

Swali: Mkuu chumba chetu kina mapangaboi na AC, tung'oe?
Jibu: Hapana ndugu, zimeni tu wakati wa kupima. Ila AC inayopuliza kuelekea mdomoni ihamisheni.

Swali: Kwa nini tusitoboe ukuta tuvute hewa ya nje?
Jibu: Upepo wa nje unayumba, spidi ndani nayo inayumba, bado vumbi na mvua.

Swali: Na moshi wa kuonyesha mkondo wa hewa?
Jibu: Swali zuri dada. Kwa taneli ya wazi moshi wote unabaki chumbani, dakika chache tu huoni kitu. Wekeni feni ya kutolea hewa dirishani, muwashe kati ya jaribio na jaribio, na mwambieni mapema anayehusika na kengele za moto.