Fungua kifuniko cha rejeta, usiangalie kichupa tu

Wenye Corolla za miaka ya 90: gari hizi zinavumilia mashimo, murram, magunia ya matooke hadi siti ya mbele. Joto ndilo linaloziua. Kila asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa, fungua kifuniko cha rejeta chenyewe utazame maji. Kichupa cha pembeni, kile cha maji ya akiba, kinadanganya. Mpira wa kifuniko ukichakaa, injini ikipoa inavuta hewa badala ya kuvuta maji kutoka kwenye kichupa. Kichupa kinabaki kimejaa, rejeta inakauka. Mimi nilikuta pungufu karibu lita moja na kichupa kiko kwenye alama ya juu! Tena mshale wa joto unaweza kukaa chini kwa utulivu kabisa, maana sensa inapima maji, na maji hayapo.

Mpira ukiwa na nyufa, nunua kifuniko kipya chenye namba ileile ya presha. Huku ni muhimu zaidi: Kampala iko kama mita 1,200 juu ya bahari, maji yasiyo na presha huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, na ukipanda Kabale yanachemka mapema zaidi.

Kifuniko kipya hakitakusaidia kama paipu inavuja ikiwa ya moto tu, au kama gasketi ya silinda hedi imeshakufa (ukiona mapovu yasiyokoma injini ikinguruma, mwite fundi). Na usifungue kifuniko injini ikiwa ya moto, utababuka uso.